Usimwachishe Mtoto Titi kwa Kazi Ambayo Hujaipata

  

Leo tutazungumza kuhusu kutafuta kazi. Najua kuna mtu anauliza, kazi na afya ya mtoto vinahusianaje? Sikiliza basi.

Mama ana mtoto wa miezi miwili au mitatu. Anaishi Kaptembwo, au Rhonda, au kule Karagita karibu na ziwa Naivasha. Amesikia kwamba mashamba ya maua yanaongeza vibarua kabla ya siku ya wapendanao, tarehe 14 Februari. Anajiambia, "Nikiitwa ghafla, mtoto atakula nini?" Basi anaanza kumzoesha maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi, kusudi simu ikilia awe tayari. Mtoto akinyonya mara chache, titi nalo linatengeneza kidogo. Baada ya wiki kadhaa maziwa yamepungua sana. Na ile kazi je? Bado. Sasa mama ananunua maziwa kila siku, gharama ambayo hakuwa nayo, na mshahara hana.

Simlaumu mama huyu hata kidogo. Anayeijua hali ya kutafuta kazi siku hizi hawezi kumlaumu. Unaamka kabla ya saa kumi na moja, unasimama kwenye geti na wenzako mia, halafu anatoka mtu na kusema leo wanataka sita tu. Ukienda mjini Nakuru na bahasha yako, unaambiwa acha karatasi, tutakupigia. Na karatasi zenyewe ni nyingi: cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, cheti cha kodi, cha mkopo wa masomo, na vingine. Cheti cha tabia njema peke yake kinapita shilingi 1,000.

Hapo niwaambie jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira ilibadilishwa. Mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivyo vya kuthibitisha kwamba huna kosa wala deni, isipokuwa kama anakusudia kuandikiana nawe mkataba. Kwa hivyo usikimbie kulipia kila cheti kabla hata hujaahidiwa kazi. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko wakati mwingine, na shilingi hizo zingenunua maharagwe, mayai na sukuma wiki.

Turudi kwa mtoto. Kabla ya kutimiza miezi 6, mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa figo zake changa na hayana madini ya chuma ya kutosha. Uji unajaza tumbo bila kumjenga, na maji au kikombe kichafu vinamletea kuhara. Mtoto wa miezi mitatu akihara, anaweza kuishiwa maji mwilini kwa muda mfupi sana. Siku hiyo mama haendi kwenye geti lolote. Anaenda hospitali.

Sasa tufanye nini? Endelea kunyonyesha kana kwamba kazi haipo, na wakati huohuo jifunze kukamua. Kukamua ni ujuzi wa mikono. Ukijifunza mapema, siku ya kuitwa haitakutisha.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe kilichooshwa vizuri na kumwagiwa maji yaliyochemka. Weka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole vingine chini yake, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachilie. Usivute chuchu, utaumia bure. Siku za kwanza huenda ukapata vijiko viwili tu. Usikate tamaa, kesho yataongezeka.

Funika maziwa hayo na uyaweke mahali penye ubaridi, mbali na jiko na jua. Muda wa saa 4 ni salama. Mwenye friji anaweza kuyaweka hadi siku inayofuata. Nyanya anayebaki na mtoto asiyachemshe. Aweke kikombe ndani ya bakuli lenye maji ya moto kidogo, yapate vuguvugu tu, kisha amnyweshe mtoto polepole kwa kikombe. Chupa za kunyonya ni ngumu kusafisha, na viini hujificha kwenye nipo. Maziwa yakibaki baada ya mtoto kunywa, yamwagwe. Najua inauma kumwaga, lakini yamwagwe.

Nawe uliyesimama foleni tangu asubuhi, usiache titi lijae hadi liwe gumu kama jiwe. Tafuta mahali pa faragha ukamue. Titi likiwa jekundu, lina joto na mwili una homa, nenda kliniki. Usingoje kesho, na usiache kunyonyesha kwa titi hilo.

Kuna aliyekwisha kumwachisha? Wengi hurudisha maziwa kwa kumweka mtoto kwenye titi mara nyingi, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku na mchana. Muone muuguzi akuongoze. Na mama anayetumia dawa za ARV asisimamishe kunyonyesha wala dawa bila ushauri wa kliniki yake.

Tuseme sasa umepata kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa sababu ya mimba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na wakupe nafasi ya kufanya hivyo, isiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Najua supavaiza mwingine atakucheka ukimtajia sheria siku ya kwanza. Mtaje hata hivyo, kwa upole, mkiwa wanawake watatu au wanne pamoja. Akikataa kabisa, ofisi ya leba ipo kwa kazi hiyo. Kwa mashamba ya maua, badilisha nguo ulizofanyia kazi, na oga au nawa vizuri kabla ya kumshika mtoto, kwa sababu ya dawa za kupulizia.

Na mwanamume anayekuambia kazi ipo lakini kwanza mkutane jioni, huyo hatoi kazi. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2007 inakataza. Ukidhulumiwa, piga simu 1195, haina malipo.

Mwisho niseme na wanaoishi na mama huyu. Kukataliwa kila siku kunachosha. Mkimwona kwa wiki mbili analia ovyo, hali, halali hata mtoto akilala, au anasema afadhali asingekuwepo, msimwambie ajikaze. Huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Msimwache peke yake. Mmoja abaki na mtoto, mwingine ampeleke kituo cha afya.

Wiki ijayo tutapika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Tayarisheni wimbi na sufuria. Kwaherini.