Hotuba ya Katibu Juu ya Daftari la Ajali na Maradhi ya Kazini



Katika sikukuu hii ya kutimiza miaka 10 wengi wamekwisha kuisifu mizani yetu, na sifa hizo ni haki. Tangu siku za Bwana Paul Bomani na wenzake, waliounganisha vyama vya pamba vya Ziwa Viktoria mwaka 1955, mkulima wa huku amepigania jambo moja: uzito wa pamba yake uandikwe mbele ya macho yake, naye apewe stakabadhi. Nasi twaiandika pamba bila kukosa hata kilo. Aliyeibeba hatukumwandika.

Msimu mmoja uliopita mpagazi wetu alivunjika mkono, gunia lilipomwangukia ghalani. Tulimpeleka zahanati, tukampa pole na nauli, tukarudi mizanini, maana magari yalikuwa yakingoja. Hakuna aliyeshika kalamu. Katika mwezi wa 14, mkono ukiwa haukunjuki, alikuja ofisini kutaka haki yake. Tulifungua daftari la ununuzi tukaona kilo za kila mkulima. Jina lake halikuwamo. Shahidi mmoja alitaja Juni, mwingine Agosti. Kosa lile ni letu, wala hatumsingizii mtu.

Sheria ipo. Ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko, nao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Mwajiri ni kila aajiriye, awe mgodi mkubwa kama ule wa Bulyanhulu ulio jirani yetu, au chama cha msingi chenye karani mmoja na wapagazi wa msimu. Madai ya ajali yapasa kutolewa katika muda wa miezi 12.

Wako wenzetu katika kamati wasemao kwamba kuandika ajali ni kujishitaki. Twawajibu kwa heshima: je, karani aandikaye upungufu wa fedha ndiye mwizi?

Ajali angalau huonekana. Maradhi ya kazi huja polepole kama mchwa. Vijana wetu, pamba ikiisha kuuzwa, hushuka maduarani au huenda kwenye makarasha. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, ambayo hukakamaza mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu. Mvuke wa zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Mtu akianza kukohoa baada ya miaka mingi, nani atakumbuka alisaga mawe wapi, na kwa muda gani? Tangu mwaka 1700 tabibu wa Italia, Ramazzini, aliwahimiza waganga wamwulize mgonjwa kazi yake. Huku kwetu swali hilo bado ni geni.

Na mkulima mwenyewe? Hapa tuseme kweli: anyunyiziaye dawa shambani mwake si mwajiriwa wa mtu, na fidia hiyo haimhusu. Hata hivyo aandikwe. Akitokwa jasho na mate, macho yakififia, apelekwe zahanati upesi pamoja na chupa ya dawa yenye karatasi yake, kisha katibu aandike jina la dawa, siku, na kama alikuwa amefunika pua na mikono. Wakiandikwa watano kwa dawa moja, chama kitakuwa na neno la kumwambia mwuzaji.

Daftari limekwisha kununuliwa. Lina nafasi ya jina, siku na saa, kazi aliyokuwa akifanya, sehemu iliyoumia, mashahidi, na siku taarifa ilipopelekwa. Asiyejua kusoma asomewe kabla ya kutia dole gumba. Ukurasa wa kwanza tumemwandika mpagazi wetu. Penye tarehe pamebaki wazi.

Makatibu wa vyama vya msingi wachukue madaftari yao mezani leo saa kumi, kabla ya ngoma kuanza, nao watie sahihi ya kupokea.