Sitara ya Binti: Mhadhara wa Umma juu ya Vyoo vya Karagwe na Kyerwa

Nimeombwa kunena juu ya mabinti na vyoo, nami sitaona haya kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake, maana ni haya zetu sisi wazee zilizowalazimu mabinti, kwa miaka mingi, kuyabeba peke yao mambo yaliyostahiki kujadiliwa barazani.

Yeyote aliyepita Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, au akaendelea hadi Nkwenda na Rubwera tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012, ameona jinsi maduka na nyumba za kupanga zinavyozidi kuisogelea migomba. Na katika nyumba hizo choo kimoja aghalabu hutumiwa na wapangaji wa vyumba vingi, nacho, kwa kuwa makazi mengi yako vilimani ilhali chemchemi ziko mabondeni, hutegemea ndoo iliyobebwa kichwani, na kichwa hicho mara nyingi ni cha binti.

Serikali imeweka kipimo cha shule, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nacho ni kipimo cha haki wala sikibezi. Lakini tundu huhesabika upesi kuliko komeo la mlango, kuliko maji ya kunawia, kuliko mahali pa kutupia kitambaa cha hedhi pasipo macho ya watu. Mabinti wa shule wanaobeba mabango kila tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, hudai hasa hayo yasiyohesabiwa: adaicho aliyebaleghe ni sitara kwanza, kisha shimo. Na tusisahau kwamba kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018 ikarudishwa mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Hivyo mfanyabiashara akakosa, na adhabu akapewa binti.

Kampeni kubwa tuliwahi kuziona. Mwaka 1973 Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2, na vyoo vikachimbwa kwa wingi ambao hata leo wanistaajabisha. Ila lile lilikuwa darasa la watu wazima, na binti wa miaka 13 hakuwa na kiti humo. Alichimbiwa choo, hakuulizwa mlango uelekee wapi.

Karagwe yenyewe ina jawabu ambalo halijapewa taadhima yake. Shirika la MAVUNO, kwa auni ya wahandisi kutoka Berlin, lilijaribu katika mradi wa CaSa choo kikavu kinachotenga mkojo na kinyesi. Kinyesi kikapashwa moto katika tanuri ya udongo hadi viini vya maradhi vife, kisha kikachanganywa na unga wa mkaa, majivu na mabaki ya jikoni, kikawa mboji. Mtafiti Ariane Krause na wenzake walionyesha, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, kwamba katika udongo wa huku, wenye asili ya volkano na uhaba wa fosforasi, mahindi yaliyotiwa mboji hiyo yalizaa zaidi ya mara mbili ya yale yasiyotiwa kitu. Choo kisichotaka maji ya kumwagia, mahali ambapo maji ni ya kubebwa, ni nafuu ya shingo ya binti kabla hakijawa nafuu ya shamba la babaye.

Walakini choo hicho kina kazi yake: majivu hunyunyizwa kila mara, chombo hubadilishwa kijaapo, tanuri huwashwa na kulindwa, na sote twajua kazi za namna hiyo huishia mikononi mwa nani. Basi, kabla fundi hajapima msingi, mabinti na waketi katika kamati ya ujenzi ya shule, wakiwa na idhini ya kuikataa ramani, na orodha ya zamu ya majivu iandikwe ikianza na majina ya wavulana.