Kabla ya Kutia Sahihi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kitengela)

 

Leo nilikuwa nimepangiwa kuzungumza nanyi juu ya mizinga ya nyuki. Mtanisamehe, mizinga itangoja. Jumapili iliyopita baada ya Misa, mama mmoja wa kikundi alinivuta kando akanionyesha barua. Bwanake ameajiriwa katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Barua inasema kampuni inapunguza wafanyakazi, na anayependa kuondoka kwa hiari ajaze fomu ndani ya siku 14, atapewa pesa zaidi ya zile za kawaida. Mama akaniuliza, "Madam, ajaze ama asijaze?"

Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali hilo nililijua tangu utotoni.

Wazee mtakumbuka. Mwaka 1993 serikali yetu ilianzisha mpango wa kurekebisha utumishi wa umma, na kuanzia 1994 wafanyakazi wa vyeo vya chini, kundi A mpaka G, wakaambiwa wanaweza kustaafu mapema kwa hiari yao na kulipwa. Madereva, matarishi, walinzi, makarani. Zaidi ya watu 40,000 waliondoka. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa dereva, na mama alipata habari kutoka kwa jirani, wakati fomu imekwisha kupelekwa. Baba hakuwa mtu mbaya, jamani. Alitaka kutushangaza kwa furaha. Yeye na rafiki yake wakanunua matatu kuukuu. Ilikwenda miezi minane, ikalala uani, kuku wakaanza kutaga ndani yake. Karo ya kaka yangu ndiyo iliyokuwa imenunua magurudumu yale.

Lakini sitaki mtoke hapa mkisema madam amekataza watu kujaza fomu. Mwaka 2000 serikali ilipunguza wafanyakazi tena, na safari hiyo haikuuliza nani anapenda. Walioachishwa safari ya pili walikuwa wamekataa mara ya kwanza, ama hawakupewa nafasi hiyo, na kazi ikawatoka vilevile. Kwa hiyo anayekataa fomu hajaokoa kazi yake. Amebaki tu kwenye foleni.

Mambo haya hayakuishia serikalini. Mwaka 2012 shirika la ndege la Kenya Airways liliwaita kwanza wanaotaka kuondoka kwa hiari, kisha likawaachisha mamia wengine. Chama chao kilikwenda mahakamani, Desemba ya mwaka huo jaji akaamuru warudishwe, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo ya kuwarudisha. Hesabuni muda huo, na watoto walikuwa wakila. Hapa kwetu Kajiado, kule Magadi, mtambo mmoja wa magadi ulifungwa mwaka 2014 na watu wakapoteza kazi. Mwaka 2019 majirani zetu wa kiwanda cha saruji cha Portland waliambiwa nafasi zote zimefutwa na anayetaka kazi aombe upya. Wengi wao walikuwa wakilala hapa Kitengela, na wenye nyumba za kupangisha waliijua habari hiyo hata kabla ya magazeti.

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe, maana ndipo watu wanapoanguka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamlinda mtu anayepunguzwa kazini. Chama cha wafanyakazi kinapewa notisi ya mwezi mmoja au zaidi, na asiye katika chama anaandikiwa yeye mwenyewe pamoja na afisa wa kazi. Katika kuchagua wa kuondoka, mwajiri lazima aangalie aliyekaa muda mrefu, ujuzi, uwezo na uaminifu, si kupendelea. Siku za likizo ambazo hukuchukua zinalipwa kwa pesa taslimu. Unapata mwezi mmoja wa notisi ama mshahara wake. Halafu kwa kila mwaka uliomaliza unalipwa mshahara wa siku zisizopungua 15.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Sheria hiyohiyo inapoeleza maana ya kupunguzwa, inasema ni kupoteza kazi bila hiari yako na bila kosa lako. Aliyejaza fomu ya hiari, je, amepoteza bila hiari? Yeye ameingia katika mapatano. Kinachomlinda sasa ni maneno yaliyo kwenye ile karatasi. Kama likizo yake haikuandikwa, asitegemee kwamba itakumbukwa. Kama tarehe ya malipo haikuandikwa, atapiga magoti kwenye lango la kampuni akimsihi askari amruhusu kumwona karani. Na mara nyingi chini kabisa kuna mstari unaosema sitadai kitu kingine chochote. Mstari huo usomwe kwanza, tena polepole.

Tuchukue mtu wa mshahara wa 30,000 aliyefanya kazi miaka 12. Tukihesabu mwezi kuwa siku 30, mshahara wa siku 15 ni 15,000. Mara 12 ni 180,000. Ongeza mwezi wa notisi, 210,000, na likizo zake. Hicho ndicho angepata hata kama angefukuzwa bila kuinua mkono. Sasa kampuni inamwambia, jaza fomu tukupe 400,000. Zawadi ya kampuni basi si 400,000. Ni ile tofauti, kama 190,000, na likizo ikiwa imesahauliwa inapungua tena. Juu ya hiyo kodi hukatwa, kwa hiyo usiulize kampuni inatoa ngapi, uliza ngapi zitafika mkononi. Mkopo wa sacco nao unangoja mlangoni. Tuseme anadaiwa 150,000. Zinabaki 250,000, kabla ya kodi. Nyumba iliyozoea 30,000 kwa mwezi itazila kwa miezi minane na siku chache. Hapo bado hatujanunua hata kifaranga.

Yako mambo mengine mawili ambayo watu huyasahau. NSSF haitoki pamoja na pesa hizi. Ni ya umri wa miaka 60, ama 50 kwa aliyeacha kazi. Kijana wa miaka 38 asiiweke kwenye hesabu yake. La pili ni hospitali. Bima ya kampuni inaisha na kazi. Kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, si chini ya 300 kwa mwezi, na kwa kawaida hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Weka angalau hiyo 3,600 kando kabla ya jambo lolote, hasa mwenye mama mjamzito nyumbani.

Wazee wangu, msinikasirikie kwa mfano huu. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kila memba akapata sehemu yake. Mnajua wenyewe yaliyofuata. Yuko aliyeuza ekari chache, akachimba kisima na kusomesha watoto, na yuko aliyeuza kipande baada ya kipande, leo anamfungulia lango tajiri aliyenunua. Bei ilikuwa nzuri kwa wote wawili. Kazi ni kama shamba hilo. Ukiiuza umeiuza, na noti haizai yenyewe kama ng'ombe. Kuna mama hapa mbele anatikisa kichwa, najua anafikiri juu ya nani.

Na sheria ya ardhi imetuzidi akili hapa, maana siku hizi ardhi ya ndoa haiuzwi bila mwenzi kukubali. Fomu ya kuacha kazi haina mstari wa sahihi ya mke. Mimi nasema tuuweke wenyewe. Mume aje na barua mezani, isomwe kwa sauti, na mtoto mkubwa aandike hesabu. Mke akiwa ndiye mfanyakazi, vivyo hivyo.

Sisi wa vikundi nasi tujichunguze. Nimeona mara nyingi, habari zikifika kwamba fulani amelipwa, wiki hiyohiyo anaombwa mkopo, anafanywa mlezi wa kikundi, anaitwa kwenye harambee tatu. Wauza ploti wanampigia simu. Kikundi kimoja kiliniambia kimeanza kumwambia memba kama huyo akae miezi mitatu bila kuguswa wala kuombwa, pesa zikae benki. Naona ni busara. Na wale mliomdhamini sacco, mwendeeni sasa, kabla hajajaza, mjue mkopo utalipwa vipi. Akiondoka bila kumaliza, ninyi ndio mtakaokatwa.

Yule mama wa Jumapili alirudi Alhamisi na bwanake. Tulikaa ofisini saa mbili nzima. Bwana ana nafuu, kwa sababu amekuwa akitengeneza pampu za maji mwisho wa wiki kwa miaka mitano na wateja anao tayari, si wa kuota. Mke ana hofu ya karo ya kidato cha tatu. Tuliona barua haitaji likizo zake za siku 34, wala siku ya malipo, wala kama mkopo utakatwa mara moja. Ameandika maswali hayo matatu, nakala tumepeleka kwa afisa wa kazi, na yeye amesema hajazi mpaka ajibiwe kwa maandishi. Siku 14 zinaisha Ijumaa. Mwenye barua kama hiyo nyumbani asione haya, mimi niko ofisi ya parokia Jumanne na Alhamisi asubuhi, aje nayo, na aje na mwenzi wake.