Bonde Lisilo na Mwamuzi

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema juu ya nchi iliyo kati ya milima ya Upare na milima ya Usambara, yaani bonde la mto Mkomazi.

Zamani bonde hili lilikuwa mpaka. Huko juu milimani kila nchi ilikuwa na mkubwa wake, na watu walipogombana walipeleka shauri lao barazani. Lakini bondeni ilipita njia ya misafara itokayo Pangani kwenda Kilimanjaro, na njiani hapakuwa na mwamuzi.

Mwaka wa 1862 alifariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, aliyekaa Vuga. Mwanawe Semboja hakutaka kukaa mlimani. Alijenga Mazinde, kando ya njia ile, akauza pembe na watumwa, akapata bunduki na baruti. Kwa bunduki hizo alimfukuza mfalme wa Vuga, mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Basi aliyeshika njia akamshinda aliyeshika kiti.

Je, Wapare walidhurikaje? Hawakuwa waoga, na milima yao ilikuwa ngome. Lakini Upare uligawanyika katika nchi ndogo ndogo, na wakubwa walipogombana, baadhi yao waliwaita wenye bunduki wawasaidie. Msaada huo ulilipwa kwa watu. Amwitaye fisi zizini ili amfukuze chui, asishangae asubuhi akikosa mbuzi.

Mwaka wa 1895 Wadachi walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja. Nguvu ya Mazinde ikaisha. Hata hivyo, hapo bunduki ilishindwa na bunduki kubwa zaidi tu. Haki ilikuwa haijafika bado.

Miaka 50 baadaye, mwaka wa 1945, Wapare kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, kuikataa kodi iliyoitwa mbiru, iliyopimwa kwa mali ya mtu. Hawakushika silaha. Walikaa pale, wakataka shauri lao lisikilizwe. Na baadaye kodi ile ikafutwa. Watoto wa wale waliokimbia bunduki walikuwa wamejifunza kusimama pamoja, nchi zote ndogo zikiwa na neno moja.

Basi ninyi mkaao mipakani, mkiona watu wenye silaha wamepata nguvu, msiulize kwanza bunduki zao zimetoka wapi. Ulizeni ni shauri gani lililokosa mwamuzi, nanyi mlitafutie baraza mapema.