Tumpunguzie Mama Mzigo Wake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Yeye ni kuzichunga ndimi zetu. Leo tunamkumbuka mama anayelea mtoto mwenye usonji.

Usonji ni hali inayohusu namna ubongo wa mtoto unavyokua. Wako wasiosema kabisa, na wako wanaosema vizuri lakini hawafahamu mzaha wala ishara ya jicho. Kelele ndogo huweza kumuumiza, na desturi ya nyumba ikibadilika hufazaika. Watu humwona akipiga mayowe sokoni, wakasema: mama yake hakumtia adabu. Wengine husema ni laana ya kosa la mama.

Hata wasomi waliteleza hapa. Baada ya daktari Leo Kanner kuieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, walitokea wataalamu waliodai kwamba sababu yake ni mama kukosa mapenzi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto kama huyo, alitoa kitabu kuwapinga, na leo elimu imekwisha kuiangusha kauli yao. Ikiwa elimu imemvua mama tuhuma hiyo, sisi tunamvika kwa hoja gani?

Tazameni mwendo wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba alikuwa akiingia katika sala naye amekusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuijua dhiki ya mama yake. Sala, iliyo nguzo ya dini, ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama. Vipi sisi tushindwe kulizuia neno moja?

Basi baba asimwachie mama ulezi peke yake, yeye akakimbilia barazani. Mtoto ni amana ya wote wawili. Mawifi na mashangazi wampokee mtoto kitambo, mama apate kulala. Jirani amwalike arusini pamoja na mtoto wake. Na mama akiwa halali, hali, na machozi hayamkauki, apelekwe kwa daktari kama apelekwavyo mwenye homa; dua na dawa hazigombani.

Nawe mama unayenisikiliza, kuchoka kwako si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya mwanawe hata macho yake yakapofuka, naye ni katika wenye subira.

Ewe Mola wetu, watie nguvu mama hawa, walinde watoto wao, na utujaalie tuwe wasaidizi wao, tusiwe mtihani juu ya mtihani wao. Amin.