Wepesi wa Viungo kwa Watoto wa Shule: Nani Ahesabiwe?



Mtoto wa darasa la kwanza anashika penseli kwa nguvu mpaka kiungo cha mwisho cha kidole chake cha shahada kinabonyea ndani. Akiandika mistari mitatu, anaiweka chini na kukung'uta mkono. Mwalimu anadhani ni uvivu. Jirani yake ana vidole vilevile. Akivipinda nyuma wenzake hushangilia, na ukurasa mzima anaumaliza bila taabu. Wote wawili wana viungo vinavyopinda kupita kawaida, lakini mwenye tatizo ni mmoja. Anayeuliza watoto wa namna hii ni wangapi lazima kwanza aseme anamhesabu yupi.

Kipimo cha wepesi huo kinachotumika zaidi duniani kilitokana na kazi iliyofanyika Afrika. Mwaka 1973 Peter Beighton, Solomon na Soskolne walichapisha matokeo ya kuwapima Watswana 1,081 wa Phokeng, Afrika Kusini. Kipimo hicho hakihitaji maabara. Kidole cha mwisho kikisukumwa nyuma kikafika nyuzi 90, ni alama moja. Gumba likigusa kigasha, alama nyingine. Kiwiko na goti vikipinda nyuma kupita nyuzi 10, vivyo hivyo. Kila upande wa mwili una hesabu yake. Kisha mtoto anainama bila kukunja magoti, na viganja vyake vikilala sakafuni anapata alama ya tisa.

Phokeng ilionyesha kwamba wepesi wa viungo hupungua haraka utotoni, kisha polepole ukubwani, na kwamba wanawake huwazidi wanaume.

Tatizo ni mahali pa kuweka mpaka: alama ngapi zitoshe kumhesabu mtoto. Mwaka 1964 Carter na Wilkinson wa London walichapisha matokeo ya kupima watoto wa shule 285 kwa njia iliyotangulia kipimo cha Beighton; takriban asilimia 7 walikuwa na wepesi huo. Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima watoto 551 wa miaka 6 hadi 12. Zaidi ya asilimia 35 walivuka alama 5. Watafiti hao hawakutangaza kwamba theluthi ya watoto ni wagonjwa. Walipendekeza mpaka upandishwe hadi alama 7. Mwaka huohuo, utafiti wa vijana 6,022 wa Avon, Uingereza, wenye umri wa karibu miaka 14, uliweka mpaka kwenye alama 4: walioufikia walikuwa asilimia 27.5 ya wasichana na 10.6 ya wavulana.

Kwa hiyo asilimia isiyotaja umri, jinsia na mpaka haimsaidii mzazi wala daktari. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 kuhusu aina ya ugonjwa wa Ehlers-Danlos inayoambatana na wepesi wa viungo vinataka angalau alama 6 kwa mtoto ambaye hajabalehe, na hata hivyo alama peke yake haitoshi kumwita mgonjwa.

Watakaopima watoto katika shule zetu za msingi waandike alama za kila mmoja, kisha wamuulize yeye na mzazi wake: magoti yanauma baada ya michezo? Kifundo cha mguu huteguka mara kwa mara? Mkono huchoka akiandika? Anayesumbuka apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, apewe mazoezi ya kuimarisha misuli, na mwalimu wake aelezwe. Asiyeumwa aachwe aruke kamba na wenzake.