Kasapa, Kolini na uyoga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa chama, Kamina)

Mulituomba tuseme juu ya sanduku ya masomo. Tutasema, lakini tuanze na majina, sababu majina njo inatukulia makuta.

Kongo yetu iko na iniversite tatu za zamani. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mu 1954 na msaada wa Bakatoliki ba Louvain kule Ubelgiji; Lovanium ni Louvain mu Kilatini. Ya Leta ikafuata mu 1956 kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na ya Baprotestanti mu 1963 kule Kisangani. Mu 1971 Mobutu akaziunganisha zote kuwa moja, UNAZA, akagawa fakilte: mwenye kutaka Lettres alipashwa kwenda Lubumbashi, hata kama kwao ni Kinshasa. Mu 1981 zikatenganishwa tena: UNIKIN, UNILU, UNIKIS.

Hizo njo bantu banaita "zile tatu". Ya Kinshasa banaiita Colline inspirée, Kolini, ju iko juu ya kilima. Ya Lubumbashi ni Kasapa. (Na prizo kubwa ya Lubumbashi ni Kasapa vilevile. Mtu akikuambia alimaliza miaka tano Kasapa, uliza kwanza upande gani.)

Bazungu nabo bako na yao. Ivy League ya Marekani ni iniversite munane, na mapatano yao ya 1954 yalikuwa ya michezo. Uingereza, Russell Group ya 1994 ilipata jina ya hoteli ya London kwenye wakubwa wao walikuwa wanakutania. Hoteli! Jina ya namna hiyo inakuambia nani alikaa na nani. Mutoto wako atafundishwa nini mwaka wa kwanza, haikuambie.

Tusidanganyane: jina inafungua mlango. Patron akiona UNILU ku karatasi, anasoma mpaka chini. Lakini kati yetu kuko jamaa iliuzisha parseli ju mutoto afike Kasapa, na mwaka wa pili akarudi, nyumba ya kupanga na chakula vilimushinda. Parseli haikurudi. Na kuko binti mwenye kukubaliwa hapa UNIKAM, anaweza kulala kwao na kula bukari ya mama yake, na bajomba banasema heri abakie bila kusoma kuliko "kusomea mu mugini". UNIKAM yenyewe ilizaliwa kama tawi ya UNILU. Hiyo bajomba habaisemi.

Sasa ku upande ingine kuko jina ya matusi: bantu banaita vyuo vidogo "champignons", uyoga, ju viliota kila fasi. Bamama, munajua uyoga kuliko sisi. Mvua ikinyesha munaingia mu pori, munachuma moja, munaacha moja, na hakuna mwenye kusema yote ni sumu. Chuo nacho ni vile: kiko na arete ya minista ao hapana? Balimu bake ni banani, na bako kweli? Ndugu yetu mumoja alilipa minervali miaka tatu ku chuo hatutataja, na diploma yake hakuna biro iliipokea. Leta ilishafunga vingi vya namna hiyo. Makuta ya bazazi haikurudishwa.

Kwa hiyo komite iliamua hivi. Sanduku itasaidia minervali ya mwaka wa kwanza, kiasi kimoja kwa bote, mutoto akiwa Lubumbashi, Kinshasa ao hapa. Nyumba na safari ya treni haimo. Muzazi alete kopi ya diploma ya Leta, barua ya kukubaliwa, na namba ya arete ya chuo. Asipoipata, sekretere atamusaidia kuitafuta mbele ya kulipa, hapana nyuma.

Na mama wa yule binti wa UNIKAM, barua yako tuliipokea. Bajomba, kama muko hapa, mubakie kidogo kisha mkutano.